Kitabu Nilichombadilishia Mama

Mama yangu alilazwa wodini Ifakara wiki sita, na kwa sehemu kubwa ya wiki hizo tulikuwa na kitabu. Nasema tulikuwa nacho, lakini hakikuwa chetu. Alikuja nacho mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke wa Mngeta, wala hakikuwa chake. Alikipata kwa shemeji yake wa Mlimba, na shemeji yake alipewa na abiria mmoja kwenye treni, na huyo abiria hatumjui. Jalada lilikwisha kutoka zamani na kurasa za mwanzo hazikuwepo, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala aliyekiandika. Mtu fulani alikuwa amekishona mgongoni kwa uzi wa magunia. Kwenye karatasi tupu ya mwisho wasomaji walikuwa wameandika vijiji vyao, kila mmoja kwa kalamu yake: Mlimba, Mchombe, Mngeta, Mang'ula, halafu Mlimba tena. Majina yao hawakuandika. Sisi tulikiita kitabu cha watu wa mawe.

Ni riwaya ya watu wa kale mno, kabla ya chuma, kabla ya jembe, kabla mtu hajafikiria kupanda mbegu na kuisubiri. Wanaishi kando ya ziwa linalokauka. Wanachonga visu vya mawe, wanavaa ngozi, wanafuata wanyama. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni kile cha historia tulichokariri shuleni, zana za mawe za kale na za kati, tukajibu mtihani tukasahau. Kumbe ndani yake watu wanaoneana wivu, wanataniana, wanazika watoto wao, wanagombania nyama.

Mwanamke wa Mngeta alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo na kidonda kilichelewa kufunga. Alikuwa na miaka kama hamsini, amenizidi kidogo, mwembamba, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Kwao alilima mpunga wake mwenyewe, na msimu ukifika alikwenda kibarua kwenye shamba kubwa. Asubuhi, madaktari wakishapita, aliegemea mto akafungua kitabu, akasoma huku midomo ikicheza. Mama alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akamwuliza.

"Unasali, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nasoma hadithi."

"Basi nisomee na mimi. Naona mdomo unakwenda na sisikii kitu."

Mama hakuwahi kukanyaga darasa. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alituambia umepanuka, na maji yalijaa miguuni mpaka ngozi ikang'aa. Alikuwa halali chali, alikaa ameegemea mito mitatu, mmoja wetu na miwili ya kuazima. Mtu wa namna hiyo siku kwake ni ndefu. Mwanamke wa Mngeta akaanza upya, kuanzia ukurasa wa kwanza uliokuwepo, akasoma kwa sauti mpaka chakula cha mchana. Kesho yake hivyo hivyo. Wagonjwa wa vitanda vya karibu walinyamaza kusikiliza. Hata muuguzi wa zamu ya asubuhi, msichana aliyekuwa na haraka siku zote, alikuwa akipanga dawa polepole anapofika upande wetu. Siku moja akauliza, "Hawa watu walikuwa kabla ya Adamu au baada yake?"

Tulitazamana. Mwanamke wa Mngeta akasema kitabu hakijaeleza.

"Walikuwa na njaa," mama akasema, "na walikuwa wanaogopa kufiwa. Mimi inanitosha."

Katika kitabu hicho kuna bibi ambaye kazi yake ni kutunza moto. Watu wake hawajui kuuwasha upya. Ukizimika, ni mpaka radi ipige mti tena. Kwa hiyo kila wanapohama bibi huyo hubeba kaa la moto ndani ya ganda la mti, limezungushiwa majani mabichi, na hulipulizia njia nzima. Hakuna anayeruhusiwa kumsemesha akiwa anatembea. Mama alimpenda huyo bibi kuliko wote. Asubuhi, kabla hata ya kunywa uji, alikuwa anauliza, "Mwenye moto hajambo?"

Siku ziwa lilipobaki tope na watu wa kwenye kitabu wakaanza kuzungumza habari ya kuhama moja kwa moja, mama alimwomba mwanamke wa Mngeta aweke kitabu chini kwanza.

"Nyie mnasema hawa ni watu wa kale," alisema. "Hawa ni sisi."

Halafu akatueleza jambo ambalo mimi, mwanawe wa kwanza, niliyeishi naye nyumba moja miaka yote ile, sikuwahi kulisikia.

Alikuwa msichana wa miaka kama minane. Kwao walikuwa wavuvi na walima mpunga wa bondeni, chini kabisa, mahali ambapo masika maji hupanda watu wakahamia kwenye nchi ya juu. Mwaka huo maji yalikuja mapema na kwa nguvu. Mtumbwi ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Bibi yake, mama wa baba yake, hakuweza tena kukunja magoti, na kumwingiza mtumbwini ilikuwa kazi ya watu watatu. Akasema yeye atabaki juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia ndege, mpaka mtumbwi urudi. Walimwachia unga, samaki wakavu na moto kwenye chungu.

"Baba akamwambia, kesho nitarudi kukuchukua," mama alisema. "Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa mtumbwi, namtazama. Alikuwa hatazami sisi. Alikuwa anapanga kuni zake."

"Baba yako alirudi?" mwanamke wa Mngeta akauliza.

"Maji hayakumpa nafasi. Alirudi wiki ya pili. Alirudi na chungu."

Nje watu walikuwa wanaanika nguo.

"Hatukumwuliza," mama akasema. "Na yeye hakusema. Kile chungu tukakipikia."

Siku nne baada ya hapo mume wangu alinipigia simu kutoka nyumbani, Idete. Mpunga wetu ulikuwa umekwisha kukatwa na umelazwa shambani, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milimani, na vibarua aliokuwa amepatana nao walikuwa wamehamia kwa mwingine. Bila mtu wa pili asingewahi kuupiga na kuufunika. Mpunga ule ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Nilisimama kando ya kitanda cha mama nikitafuta namna ya kusema.

"Nenda," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimesikia. Simu yako inapiga kelele."

"Nitarudi kesho, mama."

Neno hilo lilinitoka hivyo hivyo, kama linavyomtoka mtu yeyote. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nilipolisikia. Nikageuka. Mama alikuwa anakunja kona ya shuka lake, hatazami kwangu. Mwanamke wa Mngeta akanipungia mkono niende, akasema, "Mimi nipo. Uji nitamnywesha."

Sikurudi kesho. Tulipiga mpunga siku nzima, mimi na mume wangu na jirani mmoja, tukafunika kwa turubai na mifuko iliyochanwa, na mvua ikanyesha kweli. Kesho yake barabara ilikuwa tope, pikipiki ya kunipeleka haikupatikana. Nilirudi wodini siku ya tatu saa nne asubuhi, matope yamenikauka mpaka magotini. Mama alikuwa amepungua. Si maji ya miguuni yaliyopungua, uso. Ulikuwa umeingia ndani kama mtu aliyekuwa safarini. Niliposema shikamoo aliitika vizuri, akaniuliza mpunga umepona kiasi gani, nikamwambia karibu wote. Akasema ashukuriwe Mungu. Kuhusu ile kesho hakusema kitu, na mimi sikusema.

Mwanamke wa Mngeta alikuwa na homa. Kidonda kilikuwa kimefunguka tena upande mmoja, wakambadilishia dawa, na sauti ile nzito ilikuwa imekatika. Aliniita kwa mkono.

"Mdogo wangu, mimi siwezi kusoma leo. Wewe umesoma. Chukua." Kitabu kilikuwa kimewekwa kipande cha gozi ya kufungia vidonda ndani kuonyesha mahali. "Tumeishia hapo bibi alipoanguka."

Nilikichukua nikaenda kufua nguo za mama. Nilipomaliza kuanika nilikaa kwenye ukuta mfupi karibu na kamba za nguo, nikasoma mbele peke yangu, ili nisije nikababaika mbele ya watu. Ndipo nikakutana na sehemu ile.

Watu wamekubaliana kuvuka nchi kavu. Bibi mtunza moto ameanguka kwenye mawe na nyonga imevunjika. Hakuna ugomvi, hakuna anayelia kwa sauti. Wanamjengea kizuizi cha upepo juu ya kilima, wanamwachia nyama kavu na maji kwenye kibofu cha mnyama. Halafu wanagawa moto. Nusu anabaki nayo yeye, nusu anapewa binti yake, ambaye kuanzia siku hiyo ndiye mtunza moto na hakuna anayeruhusiwa kumsemesha njiani. Binti anatembea. Kila wanapopiga kambi anageuka kutazama nyuma, anaona mwanga mdogo juu ya kilima, anajua mama yake yu hai. Siku ya kwanza anauona. Ya pili anauona. Ya tano hauoni, na hajui kama ni umbali au ni nini. Hapo mwandishi hasemi. Asubuhi binti anapulizia kaa lake na kuendelea na safari. Sura inaishia hapo, na sura inayofuata wameshafika kwenye mto mwingine, na yule bibi hatajwi tena.

Nilikaa pale ukutani mpaka nguo zikaanza kukauka. Nilifikiria kumwambia mama kwamba kurasa zimechanika. Nilifikiria kuruka. Lakini angeuliza, maana alikuwa anauliza kila siku.

Mchana ule nilikaa kwenye kigoda kati ya vitanda viwili, nikaanza kusoma. Nilisoma sawasawa mpaka kuanguka, mpaka kizuizi cha upepo, mpaka kugawa moto. Mama alikuwa amefumba macho. Nilipofika pale binti anapogeuka kutazama mwanga, macho yangu yaliendelea na mstari uliokuwepo na mdomo wangu ukaenda kwingine.

"Siku ya pili binti alisimama," nilisema. "Akawaambia wenzake waendelee. Akageuka akarudi."

Nilimwibia jicho mwanamke wa Mngeta. Yeye alikwisha kukisoma chote. Alikuwa amelala ananitazama. Nilimwomba kwa macho. Taratibu akajigeuza, akaelekea ukutani.

"Binti amerudi?" mama akauliza.

"Amerudi, mama."

"Amemkuta hai?"

"Hai. Amekaa, anachochea moto wake."

"Alimchukuaje? Si kavunjika nyonga?"

"Alimfunga mgongoni kwa ngozi ya nyati. Kama mtoto."

Mama alifikiri. "Na moto?"

"Moto upi?"

"Ule wa bibi. Hawezi kuuacha, na binti mikono yake imeshika ngozi. Nani aliubeba?"

Nilifungua ukurasa nikaufunga, kana kwamba ninatafuta. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa ameinua shingo anasubiri. "Aliubeba bibi mwenyewe," nikasema. "Yuko mgongoni, ameunyoosha mkono juu ya bega la binti yake, anapulizia. Na huku anamwelekeza njia."

Mama alijisogeza kwenye mito yake. "Hapo umesoma vizuri," akasema.

Kesho yake aliniomba nirudie pale pale. Nikaogopa, maana sikuwa nimeandika popote, ilibidi nikumbuke uongo wangu neno kwa neno. Nilipofika kwenye kubeba nikasema ngozi ya swala.

"Jana ilikuwa nyati."

"Nyati, mama. Nimekosea mstari."

"Swala ngozi yake ndogo. Ingechanika." Nikaona midomo yake inataka kucheka.

Mwanamke wa Mngeta aliruhusiwa siku mbili baadaye, homa ikiwa imeshuka. Alipokuwa anafunga vitu vyake kwenye kitenge nilimrudishia kitabu, akakataa.

"Malizeni kwanza. Mkimaliza kipelekeni Katindiuka, kuna kaka mmoja wa mashine ya kukoboa pale karibu na njia panda, ukiuliza utaonyeshwa. Ndiye anayefuata, amekisubiri tangu mwaka jana. Hiki hakikai kwa mtu." Kisha aliinama kwa mama, wakashikana mikono muda mrefu. Waliongea kwa sauti ya chini, sikusikia.

Mama alifariki kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuchukua uji. Niliporudi na chupa mkononi yule muuguzi msichana alikuwa amesimama kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

Tulimzika Idete. Wanajumuiya walikuja, ndugu wa mtoni walikuja, matanga yakaisha, watu wakaondoka. Kitabu nilikiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, chini ya kanga za mama ambazo sikuwa tayari kuzigawa. Nilijua kuna mtu anakisubiri Katindiuka. Mara mbili nilikwenda Ifakara kwa shughuli nyingine na mara mbili nilikiacha nyumbani kwa makusudi. Nilijiambia nimesahau. Ukweli ni kwamba niliona nikikitoa, mtu mwingine atakisoma kama kilivyo, na bibi ataachwa tena.

Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Nilikuwa nimemdanganya mama katika siku zake za mwisho. Alikuwa ametueleza habari ya dungu na chungu, jambo alilolificha miaka sitini, na mimi nilikuwa nimemjibu kwa hadithi ya kutunga. Nilitaka aamini kwamba mtu anayesema kesho hurudi kesho. Nilifanya hivyo kwa ajili yake, au kwa ajili yangu? Nilikuwa nikijiuliza nikipalilia, nikijiuliza nikichota maji. Kwa mume wangu nilisema mara moja, akaniambia niache kujitesa. Sikuweza kuacha.

Msimu wa kupanda ulipokwisha nilipanda gari kwenda Mngeta na kitabu kwenye mkoba. Niliamua kumrudishia aliyenipa, akipeleke mwenyewe. Nilimkuta uani anapepeta mchele, amenenepa kidogo, sauti imerudi. Aliponiona aliweka ungo chini. Alikuwa amepata habari za msiba, akanipa pole upya kama ndiyo kwanza umetokea, tukakaa kwenye mkeka.

"Umekileta huku?" aliuliza nilipokitoa. "Mwenzio wa Katindiuka si atatulaani."

Nikamweleza yote. Sikulia, nilieleza kama mtu anayeungama kitu alichokwisha kukipima. Mwishoni nikamwuliza, "Dada, wewe ulikuwa unajua. Kwa nini hukunisahihisha?"

Alianza kutoa chuya moja moja kwenye kanga yake.

"Mdogo wangu," alisema, "mama alikuwa anajua."

Sikumwelewa.

"Siku ile ulipokwenda kuokoa mpunga. Bibi alipoanguka kwenye mawe, nilitaka kuendelea, mama akanizuia. Akasema, mimi sina muda wa kungoja, niambie tu, anaachwa au haachwi? Nikamwambia, mama, ngoja tusome. Akasema, niambie. Nikamwambia anaachwa. Na binti harudi. Nikamweleza mpaka ule mwanga unavyopotea."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliniomba maji."

Kuku walikuwa wamekuja kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Halafu ukaja ukaanza kusoma ule wako," aliendelea. "Mimi nikageukia ukutani kwa sababu nilikuwa najizuia. Ulipokwenda kuchota maji nikamwambia, mama, mwanao amebadilisha. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Najua ananibadilishia. Mwache. Nataka nione atamrudishaje.'"

Ningependa kuandika kwamba hapo nilipata faraja. Nilikasirika kwanza. Niliona wamenitazama wote wawili nikihangaika na ngozi ya nyati na ngozi ya swala, mtu mzima, mbele ya wodi nzima, na mama yangu mwenyewe ananiuliza moto umebebwa na nani akijua hakuna moto uliobebwa. Nilisimama nikaenda mpaka kwenye uzio wa miti, nikasimama huko nimempa mgongo mwenyeji wangu, jambo lisilo la adabu. Yeye hakunifuata. Niliposimama pale ndipo maneno ya mama yalipoanza kunirudia moja moja. Hakusema hadithi ni nzuri. Alisema umesoma vizuri. Nilikuwa nimelipokea kama neno la kawaida. Na aliporudia kuniomba nisome tena, hakuwa anataka kujua kilichompata yule bibi. Alikuwa anataka nimrudie yeye mara ya pili.

Nililia pale uzioni, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilipotulia nikarudi mkekani. Mwanamke wa Mngeta alikuwa amefungua kitabu pale penye kipande cha gozi, hakikuwa kimesogezwa.

"Hukuwahi kuisikia hii sehemu," aliniambia. "Uliisoma kwa macho tu, ukiwa na hofu. Kaa nikusomee."

Akanisomea kuanguka, na kizuizi cha upepo, na kugawa moto. Akasoma siku ya kwanza na ya pili na ya tano. Alisoma pasipo kukimbia. Nilipokuwa nimekaa ukutani penye nguo nilikuwa nimeona tu binti anayeondoka. Safari hii nilimwona bibi pia, kwamba yeye ndiye aliyegawa moto. Imeandikwa hivyo kabisa, mstari mmoja mfupi niliouruka: anachagua kaa lililo kubwa zaidi na kumpa binti, anabaki na lile dogo. Mwanamke wa Mngeta alipomaliza alikifunga kitabu. Baadaye alinipikia wali na samaki wa mtoni, nikala mpaka sahani ikawa tupu, na nilipoaga akanifungia mchele kwenye kanga. Kitabu akaniwekea mkononi bila kuniuliza. Niliomba kalamu nikaandika Idete kwenye karatasi ya mwisho.

Katindiuka nilifika wiki hiyo hiyo. Mwenye mashine ya kukoboa alikuwa mtu wa makamo, Msukuma aliyehamia bondeni akiwa kijana, nyusi zake zimejaa vumbi la pumba. Nilipomwonyesha kitabu alizima mashine. Akafuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kukipokea.

"Nimesikia kuna bibi anaachwa," alisema. "Ni kweli?"

"Soma mwenyewe, kaka."

"Nitasoma. Lakini niambie tu."

Nikakumbuka kwamba si mimi wa kumwamulia. "Ni kweli," nikasema.

Alitikisa kichwa. "Mimi ningerudi," akasema. Nilimwuliza kama mama yake yu hai. Akasema yuko kwao, Shinyanga, na ni miaka sita hajamwona. Alisema miaka hiyo kwa sauti ndogo, akageuka akaanza kukung'uta chujio ambalo halikuwa na kitu.

Mwezi uliofuata nilipeleka mpunga wangu kukoboa kwake, ingawa kuna mashine zilizo karibu zaidi na kwetu. Kitabu hakikuwepo tena. Alikisoma siku tisa, akampa mkata miwa mmoja aliyekuwa anarudi kazini Kidatu, ambaye naye alikuwa na watu wake wanaokisubiri kambini.

"Ukaona alivyoachwa?" nikamwuliza.

"Nikaona." Alikuwa anafungua gunia langu. "Nilimpigia simu mama. Nikamweleza kitabu chote, kuanzia ziwa."

"Akasemaje?"

"Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama huku mvua imenyesha."

Tulicheka kidogo, wote wawili, halafu tukaacha. Akasema ameomba mdogo wake amshikie mashine baada ya mavuno, aende. Alisema kwa namna ya mtu anayejisikiliza kama anasema kweli. Kisha akamimina mpunga wangu juu, akavuta kamba ya injini, na kelele ikawa kubwa hata hatukuweza kuzungumza tena.